Mnaoanza na magombo ya kale ya Japani, anzeni na karatasi

Vijana wanaotaka kuingia katika fani ya miswada ya Asia Mashariki huniuliza wasome Kijapani cha kale kwa miaka mingapi kabla ya kuruhusiwa kufungua gombo. Lugha ni lazima, na haina njia ya mkato. Lakini jibu langu huanzia kwingine: jifunze kwanza gombo lilivyotengenezwa. Sutra, yaani andiko takatifu la Kibuddha, iliyonakiliwa Nara, mji mkuu wa Japani wa wakati huo, katika karne ya 8 ina maneno yale yale yaliyomo katika nakala nyingine nyingi, na maneno hayo yameshachapwa na kuchambuliwa na waliotutangulia. Kisichopatikana kwingine ni gombo lenyewe: karatasi yake, gundi yake, mistari yake, matundu yake. Hayo ndiyo yatakayokuonyesha limetoka karakana ya namna gani, limekarabatiwa mara ngapi, limekatwa wapi, na kama kipande unachokiona mwishoni kweli kilikuwa cha mwisho. Nayaandika haya kwa anayeanza, awe mwanafunzi, mhudumu wa maktaba au fundi wa karatasi.

Tuanze na viungo vyake. Gombo la Japani ni karatasi nyingi zilizogundishwa ubavu kwa ubavu hadi zikawa utepe mmoja mrefu. Upande wa kulia, ndiko kunakoanzia, pana jalada la karatasi nene au kitambaa liitwalo hyoshi. Ukingoni mwake umefichwa ufito mwembamba uitwao hasso, na katikati ya ufito huo hutoka kigwe cha kufungia. Upande wa kushoto, mwishoni, karatasi imegandishwa kwenye mti wa kuviringishia, jiku, ambao ncha zake hujitokeza juu na chini. Mistari hushuka kutoka juu na kufuatana kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo aliyelelewa na msahafu hatahangaika kutafuta pa kuanzia. Msomaji hufungua kwa mkono wa kushoto na kukunja kwa mkono wa kulia, na mbele yake hubaki kipande cha upana wa mabega. Ukumbuke upana huo. Magombo ya picha yalipangwa kwa ajili ya jicho linaloona kidogo kwa mara moja, likingojea kitakachofuata. Anayeyajua kutokana na vitabu vya sanaa vinavyotandaza mita nzima katika kurasa mbili amekosa nusu ya kazi ya mchoraji.

Sasa karatasi, na hapa usiwe na haraka. Nihon Shoki, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 720, kinamtaja mtawa Doncho aliyefika mwaka 610 kutoka Goguryeo, ufalme wa kaskazini mwa Korea, akiwa mjuzi wa kutengeneza rangi, karatasi na wino. Kumbukumbu hiyo haisemi kwamba ndiye aliyeleta karatasi kwa mara ya kwanza, ingawa utaisikia mara nyingi ikisimuliwa hivyo. Karatasi za mwanzo zilitokana na nyuzi za mmea wa jamii ya bangi na za kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Kisha ikapendwa gampi, kichaka cha mwituni kisichokubali kulimwa kwa urahisi, ambacho karatasi yake ni laini na ina mng'ao wake wa asili.

Kazi yenyewe ni ndefu. Ganda la ndani la kozo hubanduliwa, huchemshwa katika maji ya majivu, huoshwa, huchambuliwa taka kwa vidole moja baada ya nyingine, hupondwa, kisha hutiwa majini. Humo huongezwa mlenda unaotoka kwenye mizizi ya tororo-aoi, mmea ulio jamii moja kabisa na bamia. Utelezi huo huzifanya nyuzi zielee bila kushikamana, na maji yachuje polepole kwenye chekeche la mianzi, hivyo fundi hupata muda wa kulichezesha chekeche huku na huku hadi nyuzi zipangike sawasawa. Mbinu hii, nagashizuki, ilienea katika enzi ya Heian (mwisho wa karne ya 8 hadi ya 12). Nyuzi za kozo hufikia takriban sentimita moja, ndefu mara kadhaa kuliko nyuzi za mbao zilizomo katika karatasi za viwandani. Urefu huo ndio unaoiwezesha karatasi nyembamba kufunguliwa na kufungwa kwa zaidi ya miaka 1,200 bila kupasuka.

Usiridhike kulisoma hili kitabuni. Ufundi haujafa: mwaka 2014 UNESCO iliziingiza karatasi za Sekishu-banshi, Hon-minoshi na Hosokawa-shi katika orodha yake ya urithi usioshikika, na zote tatu ni za kozo. Karatasi za kozo huuzwa na maduka ya vifaa vya sanaa na ya ukarabati wa vitabu. Nunua chache. Ichane moja taratibu utazame nyuzi zinavyotoka ukingoni, ndefu na laini. Ielekeze dirishani uone mistari ya chekeche, ile myembamba iliyosongamana na ile ya nyuzi zilizoyafunga mianzi. Kioo cha kukuza mara 10 kinatosha kabisa. Ukishaizoea karatasi mpya ndipo utakapoona jinsi ile ya kale ilivyo tofauti, kwa sababu ya kale ilifanyiwa jambo jingine kabla ya kuandikwa.

Jambo hilo ni kupigwa. Karatasi zililoweshwa kidogo, zikapangwa rundo, zikapondwa kwa nyundo ya mbao hadi nyuzi zikabanana. Kazi hiyo huitwa uchigami. Karatasi iliyopigwa huwa nyembamba zaidi, nzito kwa ukubwa wake, na uso wake hauachi wino usambae. Ndiyo maana herufi za sutra za Nara zina kingo kali hivyo, na mnakili aliweza kwenda haraka bila brashi kukwaruza. Ukiweka taa ubavuni, mwanga ukipita juu ya karatasi kwa mlalo, utaona mng'ao wa mahali pakavu palipogandamizwa. Wageni wengi huudhania ni mafuta au nta.

Karatasi nyingi za sutra zilitiwa pia rangi ya njano kutoka ganda la mti wa kihada. Ganda hilo lina uchungu unaowafukuza wadudu, na rangi yake ilikuwa heshima kwa maandiko. Baada ya karne nyingi njano hiyo hugeuka hudhurungi na kufanana na uchakavu wa kawaida. Chini ya taa ya miale ya urujuanimno kihada hung'aa njano wazi, hivyo usiandike "karatasi imechakaa" katika maelezo yako kabla ya kuomba taa hiyo.

Watu wanaonyimwa sifa zao katika vitabu vingi ni mafundi wa kuandaa gombo, walioitwa soko katika karakana za Nara. Wao ndio waliogundisha karatasi, wakazipiga, wakazichora mistari, kisha wakampa mnakili. Akishamaliza yeye na wasahihishaji, gombo lilirudi kwao kutiwa jalada na jiku. Mpangilio huo unaacha alama unayoweza kuikagua mwenyewe. Tazama kiungo, mahali karatasi mbili zinapopandana kwa milimita chache. Mstari wa juu na wa chini wa wino mwembamba ukipita juu ya kiungo moja kwa moja bila kuruka, basi karatasi ziliungwa kabla ya kuchorwa. Ukiruka, mmoja akiwa juu kidogo ya mwenzake, simama hapo. Huenda karatasi iliondolewa, au kiungo kiliachia na kikagundishwa upya na fundi wa karne nyingine, au vipande vya magombo mawili vimeunganishwa. Kwangu mimi kiungo ndicho mahali pa kwanza pa kutazama katika gombo lolote, kabla ya jina, kabla ya tarehe.

Kisha hesabu. Nakala rasmi za sutra zilifuata kanuni iliyotoka China: herufi 17 kwa kila mstari wa nathari. Mashairi yaliyomo ndani ya sutra hupangwa kwa hesabu yake yenyewe. Karatasi moja ina kimo cha takriban sentimita 26 au 27 na upana wa nusu mita au zaidi, na hubeba mistari isiyopungua 20. Magombo ya karatasi 20 yenye urefu wa mita 10 ni ya kawaida. Kanuni hiyo ya 17 ni zawadi kubwa kwa anayeanza. Ukiona mstari wenye herufi 16 au 18, angalia kama pamekwanguliwa kwa kisu na kuandikwa upya, kwa maana ndivyo makosa yalivyorekebishwa. Na ukikuta maneno yamekatika kwenye kiungo, linganisha na matini iliyochapwa, hesabu herufi zilizokosekana, gawanya kwa 17, na utajua imepotea mistari mingapi. Mwanafunzi asiyeelewa hata sentensi moja ya falsafa ya sutra anaweza kugundua kwamba gombo limepungukiwa na karatasi moja kamili. Nimeliona hilo likitokea, na ni furaha ya kweli mezani.

Tunajua mengi kuhusu karakana hizo kwa sababu ya uchumi wa karatasi. Malkia Komyo aliagiza kunakiliwa kwa maandiko yote ya Kibuddha, mradi wa takriban magombo 7,000, na sala yake kwa ajili ya wazazi wake, iliyoandikwa mwishoni mwa magombo hayo, ina tarehe ya siku ya kwanza ya mwezi wa 5 mwaka 740. Kazi ya namna hiyo ilihitaji ofisi yenye wanakili, wasahihishaji, mafundi wa karatasi, wapishi na makarani. Makarani waliandika hesabu zao nyuma ya karatasi za serikali zilizokwisha matumizi, zikiwemo orodha za kaya za mwaka 702 kutoka majimbo kama Mino na Chikuzen. Nyaraka hizo zikahifadhiwa katika ghala la Shosoin, Nara, kwa ajili ya hesabu za karakana. Leo wanahistoria huzigeuza wakasoma sensa ya zamani kuliko zote zilizobaki Japani. Usisahau upande wa nyuma wa karatasi hata siku moja.

Katika nyaraka hizo wamo binadamu. Wanakili walilipwa kwa idadi ya karatasi, na walikatwa malipo kwa herufi walizokosea na mistari waliyoiruka. Wasahihishaji nao walikatwa wasipoyaona makosa hayo. Ipo rasimu ya malalamiko ya wanakili wa karne ya 8: wanaomba nguo zao za kazi zibadilishwe kwa sababu zimechakaa na zinanuka, wapewe mapumziko ya siku tano kila mwezi, chakula kiboreshwe, na wapatiwe pombe ya dawa kila siku ya tatu, kwa kuwa kukaa mbele ya meza muda mrefu kunawaletea maumivu ya kifua na ganzi ya miguu. Mtu akiisha kuyasoma hayo hawezi tena kulitazama gombo la Nara kama kitu kilichoshuka chenyewe kutoka mbinguni. Ule usawa wa herufi, mstari kwa mstari, mita 10 nzima, ulitoka kwenye miguu iliyokufa ganzi.

Karatasi yenyewe ilithaminiwa mno hata ilipokwisha kutumika. Fujiwara no Tamiko, mmoja wa wake wa Mfalme Seiwa, alizikusanya barua alizoandikiwa na mumewe, na baada ya mume huyo kufariki akaamuru zifanywe karatasi upya, akanakili juu yake Sutra ya Lotasi. Hilo ni la karne ya 9. Karatasi zilizotengenezwa upya namna hiyo hubaki na rangi ya kijivu kwa sababu masizi ya wino wa zamani hayaondoki yote. Ukikutana na kijivu cha aina hiyo, chenye madoa ya nyuzi nyeusi, usiandike kwamba karatasi ni ya ubora wa chini. Karatasi ya kijivu ilitumiwa hata kwa amri za kifalme.

Wino ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya ngozi au mifupa, yakakaushwa vipande, kisha mwandishi husaga kipande juu ya jiwe kwa maji. Wino huu hauli karatasi kama ule wa chuma uliotumika Ulaya, na ndiyo sababu mojawapo ya magombo haya kubaki salama. Sutra yenye tarehe iliyo ya zamani kuliko zote zilizonakiliwa Japani, Kongojo darani-kyo ya mwaka 686, bado inasomeka wazi.

Najua wengi wenu mmevutwa na zile zinazong'aa. Ni haki yenu. Karatasi ilichovywa katika nili mara nyingi hadi ikawa ya buluu nzito, halafu ikaandikwa kwa unga wa dhahabu au fedha uliochanganywa na gundi. Dhahabu ikikauka hufifia, kwa hiyo palikuwa na wafanyakazi maalumu wa kuisugua herufi kwa jino la nguruwe mwitu hadi irudishe mng'ao. Tafuta picha za ile inayoitwa sutra iliyoungua ya Nigatsudo, ya hekalu la Todaiji: herufi za fedha juu ya nili, kazi ya karne ya 8. Moto wa mwaka 1667 uliunguza ukingo wake wa chini kwa mawimbi, na bado fedha yake inang'aa. Tazama pia sutra za hekalu la Chusonji zilizoagizwa na Fujiwara no Kiyohira mwanzoni mwa karne ya 12, ambamo mstari wa dhahabu unafuatwa na wa fedha, zamu kwa zamu, katika maelfu ya magombo. Na kilele, kwa macho yangu, ni Heike Nokyo, magombo ambayo Taira no Kiyomori na jamaa zake waliyatoa kwa hekalu la Itsukushima mwaka 1164: vipande vya dhahabu na fedha vimetawanywa juu ya karatasi mbele na nyuma, na ncha za jiku ni za fuwele. Lakini usianzie huko. Mapambo huficha ujenzi. Shika kwanza sutra ya kawaida ya njano, isiyo na jina, ambayo hakuna anayeipigania, nayo itakufundisha viungo vyote bila kukuyumbisha.

Magombo ya picha, emaki, yana hatari yake ya pekee. Katika picha za Hadithi ya Genji za karne ya 12, mchoraji alichora kwa wino, akafunika kwa rangi nzito za madini, kisha akarudia mistari ya nyuso na nywele juu ya rangi. Tabaka hilo ni gumu, na karatasi chini yake inakunjika. Kila gombo linapoviringishwa kwenye mti mwembamba, rangi hupindwa, hupasuka, na mwishowe hubanduka kwa magamba. Kwa sababu hiyo jumba la makumbusho la Tokugawa, Nagoya, lilitenganisha magombo yake ya Genji mwaka 1932 na kuyalaza bapa. Njia nyingine ni futomaki, mzingo mnene wa mbao ya mti uitwao kiri unaovishwa kwenye jiku wakati wa kuhifadhi ili mviringo uwe mpana. Ukiliona gombo ndani ya sanduku lake likiwa nene isivyo kawaida, tafuta futomaki kabla ya kushangaa urefu wake.

Kuhusu kushika, nitasema machache kwa sababu kila maktaba ina kanuni zake, nawe utazifuata. Vua pete, saa na bangili. Nawa mikono na uikaushe sawasawa. Watunzaji wengi wa karatasi hupendelea mikono mitupu kuliko glavu za pamba, maana glavu hunasa nyuzi. Penseli tu. Meza iwe ndefu na tupu. Fungua kigwe, kisha fungua kwa kipande kisichozidi sentimita 60, ukunje kabla ya kufungua kingine. Wakati wa kurudisha, kingo za juu na chini zibaki sawa. Zikianza kupishana, rudi nyuma urekebishe polepole. Usilikaze kwa kulizungusha kama mtu anayefunga mkeka, kwa sababu uso wa kila tabaka husugua mgongo wa lililo juu yake, na wino na rangi huondoka bila wewe kuona. Kigwe kisikazwe. Hapo penye fundo lililokazwa kila siku ndipo jalada linapovunjika.

Sasa wadudu, somo nilipendalo kuliko yote. Mdudu mtoboaji akiingia kwenye gombo lililofungwa hupita tabaka baada ya tabaka. Ukilifungua, tundu moja hujirudia: umbo lile lile, kimo kile kile, kwa nafasi zinazofuatana. Nafasi kati ya tundu na lenzake ni mzingo wa gombo mahali hapo. Gombo lililokuwa na kipenyo cha sentimita 5 litaonyesha matundu kila baada ya sentimita 15.7 hivi upande wa nje. Karibu na jiku, ambako kipenyo ni sentimita 2, nafasi hushuka hadi sentimita 6 na kidogo. Kwa hiyo matundu yanatakiwa kusogeleana polepole kadiri unavyoelekea kushoto. Yakiruka ghafla kutoka sentimita 12 hadi 9, kuna karatasi zimeondoka. Yakianza kupanuka tena, kipande kimegundishwa mahali pasipo pake. Na ukiwa na kipande kimoja tu, kilichokatwa, bado unaweza kukadiria kama kilikuwa mwanzoni au karibu na mwisho. Madoa ya maji na mikunjo ya wima hufuata kanuni hiyo hiyo. Pima kila nafasi, iandike, ichore kwenye karatasi ya miraba. Kazi hii haihitaji kifaa zaidi ya rula laini na subira, na imewahi kutatua mambo ambayo usomaji wa maneno peke yake haukuyaweza.

Utahitaji ujuzi huo kwa sababu magombo mengi ya kale leo ni vipande. Wapenzi wa mwandiko mzuri waliyakata ili kubandika sehemu zake katika vitabu vya mkusanyiko au kuzitundika katika chumba cha chai. Koya-gire, nakala ya zamani kuliko zote zilizobaki za diwani ya Kokinshu, iliandikwa katika karne ya 11 juu ya karatasi iliyonyunyizwa unga wa ulanga unaometameta, na sehemu kubwa yake imetawanyika hivyo. Mfano unaouma zaidi ni wa mwaka 1919. Magombo mawili ya Satake yenye picha za washairi 36, ya karne ya 13, yalikuwa ghali mno kununuliwa na mtu mmoja. Mfanyabiashara Masuda Takashi akapanga yakatwe vipande 37, na matajiri wakagawana kwa bahati nasibu. Ninaielewa sababu yao, na bado siwezi kuikubali. Kila kipande kikapewa kitambaa na mti wake, kikawa picha ya kutundika, na mfululizo wa viungo ukakatika. Unapokutana na picha ya ukutani yenye mshairi mmoja au mistari michache ya shairi, jiulize kwanza kama ilizaliwa hivyo: angalia mabaki ya mistari ya wino kwenye kingo, herufi iliyokatwa nusu, matundu yanayokwenda hadi ukingoni na kukatika.

Jambo linalowachanganya wageni ni umri. Gombo la miaka 1,200 limekarabatiwa mara kadhaa. Mgongoni limetiwa bitana ya karatasi, huenda zaidi ya mara moja, kwa gundi ya wanga wa ngano. Mafundi wa Japani huhifadhi sehemu ya gundi hiyo mitungini kwa miaka 10 hivi hadi nguvu zake zipungue, kwa sababu gundi dhaifu haikakamazi karatasi na huachia kwa urahisi fundi wa baadaye anapotaka kuibandua. Jalada, kigwe na jiku ndivyo vinavyochakaa mapema, hivyo mara nyingi ni vya karne za baadaye kuliko maandishi. Kingo za juu na chini huenda zimepunguzwa. Kwa hiyo usiandike tarehe moja kwa gombo zima. Andika tarehe ya maandishi, kisha ya jalada, kisha ya jiku, kisha ya bitana, na palipo na shaka acha wazi. Ncha za jiku zilizopanuka mwishoni, mfano wa kibao cha kupigia biwa, ala ya nyuzi ya Japani, zinapatikana tangu enzi ya Nara, lakini umbo peke yake si ushahidi, kwani mafundi wa baadaye waliliiga kwa mapenzi.

Mazoezi mawili yatakusaidia kabla hujasafiri popote. La kwanza, jenga gombo lako. Chukua karatasi sita za kozo, pika wanga wa ngano uwe mwepesi, unga karatasi kwa mpandano wa milimita tatu, zikauke chini ya uzito, chora mistari, andika chochote, kisha ligandishe kwenye kijiti cha mviringo. Kiungo kikiwa na gundi nyingi kitakakamaa na kutengeneza ukuta ukikiviringisha. Karatasi ya pili ikiwa imepinda kwa unywele tu, kufikia ya sita gombo zima litaelekea upande. Hapo utaelewa kwa vidole kazi ya soko. La pili, tumia picha za mtandaoni zinazotolewa bure. Maktaba ya Bunge la Japani na tovuti ya e-Museum ya majumba ya taifa ya Japani yana magombo kamili, na The Metropolitan Museum of Art la New York huruhusu picha nyingi kupakuliwa tangu 2017. Chagua gombo moja, lipitie kutoka jalada hadi jiku, orodhesha viungo vyote na upime upana wa kila karatasi kwa kutumia rula iliyomo pichani. Picha haitakupa unene, uzito wala sauti ya karatasi iliyopigwa inapofunguka, na nyingi hazionyeshi mgongo, lakini upana wa karatasi utaupata.

Kwa wanaoweza kufika Japani, onyesho la hazina za Shosoin hufanyika kila vuli katika Nara National Museum, na limekuwa likifanyika tangu 1946. Hutolewa vitu vichache kila mwaka na mwanga huwa hafifu, basi nenda na darubini ndogo na utumie muda wako kwenye nyaraka, ambako foleni ni fupi. Kwa walioko Ulaya, Chester Beatty ya Dublin ina mkusanyiko mzuri wa magombo ya picha ya Japani.

Unapoomba kuona gombo kwenye chumba cha kusomea, usiandike tu namba yake na mada ya utafiti wako. Eleza unataka kukagua nini: viungo namba fulani, mgongo wa karatasi ya mwisho, ncha za jiku. Sema kama unahitaji taa ya ubavuni, karatasi ya mwanga ya kuweka chini, au miale ya urujuanimno. Sema pia utahitaji meza yenye urefu gani, na kama jalada na sanduku la zamani vimehifadhiwa mahali pengine uviombe kwa barua hiyo hiyo, kwa kuwa maandishi ya kwenye kifuniko cha sanduku mara nyingi hutaja mwenye mali au mkarabati. Watunzaji hulikubali ombi la namna hii wakilipata mapema, maana wana muda wa kukagua kama rangi inavumilia kufunguliwa na kuandaa msaidizi wa kushika upande wa pili. Ukiyasema hayo siku hiyo hiyo ukiwa umeshakaa mezani, utaletewa gombo, utalisoma maneno yake, na mgongo wake hutauona.